Shela, Kipungani na Marejeo kwa Miguu

Watu wa mwambao ni mabingwa wa safari, na katika jambo hilo historia yao haina haja ya kutafutiwa mashahidi; walakini safari waliyoisifu tangu kale ni ile ya chombo na abiria wake, au ya msafara na wapagazi wake, wala si ya mtu mmoja aliyejifunga kikoi alfajiri akashika njia peke yake, asiwe na biashara mbele wala mdai nyuma. Waliosimulia mwendo wa bara katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokikusanya Carl Velten na kukichapisha mwaka 1901, walikwenda na mizigo na watu wa kuichukua. Dini nayo haikumpendelea mpweke: imo hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, inayomkaripia mpandaji aendaye peke yake na kuwahesabu watatu kuwa ndio msafara, ingawa wapo wanavyuoni walioeleza kuwa makaripio hayo yamefungamana na hofu ya njia, na kwamba njia ikiwa na amani hukumu yake hulegea. Kwa hiyo mtu akionekana Shela anatoka peke yake kabla ya jua kuchomoza, na mfuko mgongoni, akiulizwa aendako akajibu kuwa anazunguka kisiwa na jioni atarejea papo hapo alipotoka, asishangae akitazamwa kwa huruma.

Huko ng'ambo jambo hili limekwisha kuwa ada. Ipo nchini Marekani njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail, iliyokamilika mwaka 1937, inayoanzia jimbo la Georgia upande wa kusini na kukomea juu ya mlima Katahdin katika jimbo la Maine, mwendo wa takriban kilomita 3,500. Na mwaka 1955 bibi mmoja wa Ohio, Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67 na watoto 11, aliipita yote peke yake, amevaa viatu vya raba, begani ana mfuko alioushona mwenyewe, na mahali pa hema ana pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Tangu siku zake wenda kwa miguu wa nchi ile wamezidi wingi, wakajitungia kanuni, mabishano na majigambo, kama ilivyo desturi ya kila jamii inayopenda kitu kimoja kupita kiasi.

Sisi hatuna njia ya urefu ule, wala sidhani kuwa tunaihitaji. Tunayo ya siku moja: kutoka Shela, kwa ufuo wa kusini wa kisiwa cha Amu, yaani Lamu, hadi kijiji cha Kipungani upande wa magharibi, kisha kwa vijia vya mashamba hadi Matondoni, kisha Lamu mjini, kisha Shela. Na njia hii ina shuruti moja ambayo Bibi Gatewood hakukabiliwa nayo katika misitu yake, nayo ni kuwa sehemu yake kubwa haipo saa zote. Maji huifungua mara mbili kwa siku na kuifunga mara mbili, na mwenye kutaka kuipita hana budi aulize habari za mwezi kabla ya kuuliza habari za viatu.

Shela yenyewe ni kijiji cha mawe na makuti kilichokaa mlangoni mwa mlango-bahari unaotenga kisiwa cha Amu na kisiwa cha Manda, mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka Lamu mjini. Wenyeji wake hunasibisha asili yao na Takwa, mji wa upande wa pili, huko Manda, uliohamwa katika karne ya kumi na saba na ambao magofu yake yangali yakisimama pamoja na kaburi la mnara lenye tarehe inayolingana na mwaka 1682 au karibu yake. Na mpaka katika zama hizi wamekuwa na ada ya kulizuru kaburi hilo na kuomba dua. Msikiti wao wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, una mnara mweupe wa duara uliochongoka juu, nao huonekana kutoka baharini kabla ya nyumba kuonekana. Kwa mwenda kwa miguu mnara huo una faida zaidi ya ile uliyojengewa, maana akiisha kuuacha nyuma na kushika ufuo, ndio kipimo pekee kitakachomwonyesha ni kiasi gani amekwenda. Baada ya hapo ni mchanga, maji na mbingu, wala hakuna mti wa kujipimia.

Sasa hesabu ya maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita tatu. Katikati ya nyakati hizo mbili ni maji mafu, ambayo kujaa kwake si kujaa hasa na kupwa kwake si kupwa hasa. Hayo kila mtoto wa pwani anayajua. Lakini lipo jambo ambalo mgeni huwa halijui na mwenyeji halisemi kwa kuwa anaona ni dhahiri, nalo ni kuwa bamvua huku kwetu huja na saa zake: katika siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja za alfajiri, hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, kisha hujaa tena jioni kwa saa zile zile za alfajiri. Kila siku ipitayo, maji hukawia kwa muda wa dakika hamsini hivi, hata wiki ikiisha mambo yamepinduka, na saa iliyokuwa ya maji kupwa imekuwa ya maji kujaa. Basi mtu akitoka Shela siku ya pili au ya tatu ya bamvua, baada ya kusali alfajiri na kunywa chai yake, huyakuta maji yamekwisha kuanza kurudi nyuma, na kila hatua aipigayo bahari humwongezea upana wa njia. Ilhali aliyetoka saa hiyo hiyo katika maji mafu atakuta bahari inampandia, imsukume juu kwenye mchanga mkavu, na asubuhi yake yote iishie katika kupigana na ardhi.

Na tofauti ya michanga miwili ndiyo siri ya mwendo huu wote. Mchanga mkavu wa juu, ule usiofikiwa na maji ila mara chache, haubebi mtu. Kisigino huzama, vidole husukuma bila kupata pa kushika, na nguvu iliyotosha hatua mbili hutoa moja. Ule wa chini kabisa, ambao wimbi limeuacha sasa hivi, nao ni mlaini na huingiza maji viatuni. Baina yao upo ukanda, pengine wa upana wa hatua kumi, pengine ishirini, ambao maji yameuacha kitambo kidogo tu na jua halijaupata: hapo mchanga umeshikana, rangi yake imeiva, na mguu ukikanyaga, pembezoni mwa wayo hutokea duara jeupe kavu kwa nukta moja, kisha hurudi rangi yake. Hilo duara ndilo la kutafuta. Likitokea, mtu yuko mahali pake. Lisipotokea, ama amepanda sana ama ameshuka sana. Mwenye kuufuata ukanda huu unavyoteremka pamoja na maji huweza kwenda kilomita nne kwa saa bila kujihimiza, na ufuo, ambao kwa kawaida hukisiwa kuwa na kilomita kumi na mbili, humalizika kabla ya jua kukasirika. Ni vizuri kuvua viatu kwa muda na kuvivaa kwa muda, maana ufuo umeinama kidogo kuelekea baharini, na mguu mmoja hukaa chini kuliko mwenzake asubuhi nzima; nyonga ndiyo itakayoleta malalamiko jioni, si wayo.

Upepo nao una hukumu yake. Ufuo wa Shela umefunguka mbele ya Bahari ya Hindi. Mwenda Kipungani huelekea kusini-magharibi, basi katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hata Machi, upepo humsukuma mgongoni, na katika kusi humjia usoni pamoja na chembe za mchanga na mawimbi makubwa. Hayo yanatosha kumchagulia mtu msimu. Illa kaskazi nayo ina jua lake: Lamu iko digrii mbili na kitu kusini mwa ikweta, na katikati ya Machi jua husimama utosini barabara, kivuli cha mtu kikawa chini ya nyayo zake. Kofia pana, kikoi cha kujitanda shingoni na maji yasiyopungua lita tatu si anasa. Kwa chakula, tende na mahamri yaliyobaki jana hufaa kuliko vyakula vinavyouzwa kwa ajili ya wapandao milima, na ndizi mbili zikiwemo humo mfukoni zitapondeka, lakini huliwa.

Katika ufuo huu huu, mnamo mwaka 1812, maji yaliamua jambo kubwa kuliko mwendo wa mtu mmoja. Mazrui wa Mombasa, wakishirikiana na watu wa Pate, walishusha jeshi Shela ili kuitiisha Lamu, na Walamu wakatoka kuwakabili mchangani. Simulizi za wazee zasema kwamba washambuliaji walipovunjika na kukimbilia vyombo vyao, walivikuta vimekaa juu ya mchanga mkavu, maji yamekwisha kupwa, hakuna wa kuvisukuma wala pa kuvisukumia; wakauawa pale pale. Mtu asomaye habari hii kitabuni huichukulia kuwa ni ajali, au ni rehema kwa upande mmoja na nakama kwa upande mwingine. Lakini aliyekwisha kukaa Shela akaona jinsi bahari inavyoondoka mbele ya macho katika saa za bamvua, hata mashua iliyokuwa ikielea wakati wa chai imelala ubavu kabla ya chai ya pili, hawezi kuiita ajali. Majemadari wale walikuja kutoka Mombasa na Pate, wana wa pwani vile vile, na ni ajabu kwamba katika tadbiri zao zote hesabu ya maji ndiyo iliyowapotea. Walamu, wakihofia kisasi, wakamwelekea Sayyid Said bin Sultan wa Omani kuomba himaya. Akaleta liwali na askari, na ngome ya Lamu ikamalizika mwaka 1821. Hivyo ndivyo Omani ilivyopata pa kuweka mguu upande huu wa pwani, na wapo wasemao kuwa upepo ukivuma sana hufukua mifupa ya siku ile katika vilima vya mchanga.

Vilima vyenyewe huandamana na msafiri upande wake wa kulia karibu njia nzima, na ni rahisi kuvidharau, maana havina mti wa kivuli wala mnyama wa kutazamwa, ila mimea ya kutambaa yenye maua ya zambarau, na chini yake kaa wadogo wa rangi ya mchanga, macho yao yamesimama juu ya vijiti, wanaotoweka mashimoni kabla mtu hajatambua ni nini kilichotikisika. Lakini katika kisiwa hiki hakuna mali yenye thamani kuliko vilima hivi. Kisiwa cha Amu hakina mto wala ziwa. Mvua ya masika inyeshapo juu ya mchanga haitiririki kwenda baharini, bali huzama, ikashuka mpaka inapokutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Wataalamu wana kanuni ya jambo hili: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, huwako takriban mita arubaini za maji matamu chini ya usawa huo. Kanuni hiyo ina upande wake wa kutisha, kwa sababu akiba ikishushwa kwa mita moja kwa kuvutwa kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini kwa mita hizo arubaini. Lamu mjini, pamoja na misikiti yake, mahoteli yake na sifa yake ya kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, hunywa kutoka visima vya Shela. Kila nyumba inayopandishwa juu ya kilima cha mchanga, na shimo lake la choo, na bwawa lake la kuogelea, inajengwa juu ya mtungi wa watu wote. Nami sioni ni hoja gani ya biashara inayoweza kusimama mbele ya hiyo.

Ama upweke, huo nao usemwe kwa insafu. Saa moja baada ya kuuacha mnara wa Shela nyuma, msafiri anaweza kukaa muda mrefu asione mtu ila mvuvi mmoja na mshipi wake, au vijana wawili wakivuta jarife, au nyayo za punda zilizopita usiku. Wenyeji wenyewe hushauri kwamba mtu asiende huko na vitu vya thamani, na ushauri huo hautokani na woga bali na ujuzi. La kufanya ni lile ambalo baharia hulifanya bila kuhimizwa: kumwambia mtu mmoja wa Shela saa ya kuondoka, njia ya kupita na saa ya kutazamiwa kurudi. Aliye peke yake njiani lakini anatazamiwa na mtu nyumbani, mimi simhesabu kuwa ni mpweke yule aliyekaripiwa. Na nadhani hata Bibi Gatewood, ambaye hakuwapa wanawe habari kamili za aendako, angefanya vema kuiga desturi hii.

Ufuo ukiisha, mikoko huanza, na mchanga hugeuka tope jeusi lenye harufu. Hapo maji ya kupwa hayamfai tena mtu, maana njia ya kupita mikokoni ni ya mwenye chombo, na mwenye miguu hugeukia ndani, akafuata vijia vya punda chini ya minazi na miembe mpaka Kipungani. Ni kijiji kidogo, na mwenye kuingia hutoa salamu kwa mtu wa kwanza amwonaye, mkubwa humwamkia shikamoo, na huulizwa atokako kabla ya kuulizwa jina. Wanawake wa hapa wana sifa ya ususi: mikeka, makanda, kofia, na vifumbu vya kuchujia tui. Kifumbu ni chombo cha unyenyekevu ambacho wengi hukitumia maisha yao yote bila kukitazama, lakini mtu akikaa karibu na msusi atakiona kinavyozaliwa: ukili mwembamba husukwa na kuzungushwa kuwa mfuko mrefu mdogo, ambao ukijazwa nazi iliyokunwa, kisha ukakamatwa huku na huku na kusokotwa, hujibana wenyewe katika kila ukili wake na kukamua tui lote, chicha ikabaki ndani. Chujio la plastiki halifanyi hivyo. Lenyewe huhitaji mkono wa kukandamiza.

Hapa ndipo pa kupumzika wakati wa jua kali, na ndipo adhuhuri itakapomkuta mtu aliyetoka Shela mapema. Swali hutokea kwa baadhi ya watu kama mwendo wa siku nzima kwa miguu unaruhusu kupunguza sala, na jibu la madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, ni kuwa hauruhusu: umbali wa safari hiyo ni marhala mbili, ambazo wengi huzikadiria kuwa kiasi cha kilomita themanini, na kuzunguka kisiwa hiki hakufikii hata nusu yake. Rakaa ni nne. Wala mwenye bahari ubavuni tangu asubuhi hana udhuru wa kutayamamu.

Kutoka Kipungani kwenda Matondoni njia ni ya mashamba, mchanga wake mzito, kivuli chake cha kukatika-katika, na sina mengi ya kuisifu. Ni ile sehemu ya kila safari ambayo hupitwa kwa ajili ya kufika. Matondoni ni jambo jingine. Kijiji hiki kimejulikana kwa kuunda vyombo, majahazi na mashua, na hata sasa ambapo injini na faiba zimeingia kila mahali, mtu anaweza kukuta chombo kimesimamishwa juu ya magogo ufuoni, mbavu zake wazi, na fundi ameinama na tezo. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni kazi ya kalafati, nayo haina kishindo. Fundi hushika pamba iliyotiwa mafuta, huisokota baina ya kidole gumba na cha shahada mpaka iwe uzi mnene, huilaza katika ufa ulio baina ya mbao mbili, kisha huishindilia kwa patasi butu na nyundo, kwa mapigo madogo madogo yanayolingana, na sikio lake ndilo linalomwambia kuwa ufa umeshiba, kwa maana mlio hubadilika. Ufa mmoja ukimpita, chombo kizima kitalipa baharini.

Njia ya Matondoni kwenda Lamu mjini huchukua muda wa saa mbili, nayo hupitwa na punda waliobeba nazi na mawe, ambao wana haki ya njia kwa kuwa hawaijui kanuni nyingine. Aliyeondoka Matondoni baada ya kusali alasiri huingia mjini karibu na magharibi, na hapo hesabu ya asubuhi humjia mara ya pili. Ikiwa alichagua siku za bamvua kwa ajili ya kupata ufuo mpana alfajiri, basi ameyachagua pia maji makubwa ya jioni, na maji hayo, ingawa yameanza kupwa, bado hayajaondoka mbali na ukingo wa njia ya pwani iendayo Shela. Anaweza kusubiri. Anaweza kupita njia ya nyuma, ya ndani, kwa tochi. Au anaweza kushuka gatini, ambako manahodha wa mashua humwita kila apitaye, akalipa nauli na kuketi.

Wenzetu wa Marekani, kwa jinsi nilivyosoma habari zao, wangelifanya hili kuwa suala: wako miongoni mwao wanaoshikilia kwamba aliyepanda chombo hata kwa hatua mia moja hakuimaliza njia, na wako wanaowacheka hao. Gatini Lamu sijapata kulisikia likijadiliwa. Nahodha hutaka kujua tu kama kuna abiria mwingine wa Shela, kwa sababu wakiwa wawili nauli hupungua, na wakati wa magharibi hapendi kungoja.